Majina Kumi na Tisa ya Kwembago

Jumanne, 24 Juni 1975

Barua imefika! Imeletwa na lori la mahindi ya msaada, imekunjwa mara nne, ina alama ya dole gumba la dereva. Alhamisi ya wiki ijayo tunakaguliwa. Mashindano ya vijiji vya ujamaa! Sisi wa Handeni tutakaguliwa na watu wa Korogwe, na wao watakaguliwa na watu wetu, ili mtu asimpendelee mjomba wake. Kijiji kitakachoshinda kitapewa mashine ya kusaga. Karani wa kijiji hicho atapelekwa kozi Korogwe, miezi mitatu. Godoro. Chai ya maziwa. Nyama mara mbili kwa wiki.

Karani wa Kwembago ni mimi. Ile sentensi ya nyama nimeisoma mara nane.

Wataangalia vitu vitatu: shamba la bega kwa bega tunalolima wote, vyoo, na daftari la vizazi. Shamba limekauka, hilo halifichiki. Vyoo vipo, viwili vina milango. Daftari ni kazi ya mikono yangu.

Jioni nimelifungua. Nimelifunga. Nimelifungua tena nikitumaini nimesoma vibaya. Tangu tuhamishiwe hapa Septemba wamezaliwa watoto kumi na tisa. Shida. Shida. Tabu. Njaa. Mateso. Kiu. Kilio. Hamahama. Yupo Yanga, na si kwa sababu ya mpira, maana baba yake ni Simba damu. Ni kwa sababu ya ule unga wa njano wa msaada, ambao kila mtu anauita yanga. Mke wa Ernesti mtoto wake kamwita Kupe, eti mtoto habanduki kwenye titi. Kupe! Kila mkutano tunahubiriwa juu ya kupe wanaonyonya jasho la wananchi, na sisi tunaye wetu, ana miezi mitano, kaandikwa kwa wino wa serikali.

Mgeni akiyasoma majina haya kwa sauti, moja baada ya jingine, tumekwisha. Atadhani tumeandika malalamiko.

Na mmoja wa hao kumi na tisa ni wangu. Kaburi binti Mbaruku.

Alhamisi, 26 Juni

Nieleze hapa, maana daftari hili la siri ndilo pekee lisilonicheka.

Mimi na mke wangu Chausiku tumezika wawili. Wa kwanza siku arobaini, wa pili miezi mitatu. Alipozaliwa huyu, mama mkwe, Bibi Mashavu, hakusema na mtu. Siku ya saba alimchukua, akaenda kumlaza kwenye shimo la takataka nyuma ya nyumba, akageuka kama mtu aliyepita zake. Kisha akarudi, akamwokota, akatangaza kuwa ameokota kitu hajui cha nani, na kitu hicho kinaitwa Kaburi. Mauti yakija kuuliza yatasikia jina, yatadhani yameshafika hapa, yatapita. Ndivyo wazee wanavyofanya. Mimi ni mtu wa darasa la nane. Nilipinga kwa dakika tano hivi. Sasa ana miezi minne na ana mashavu. Sizungumzi zaidi.

Lakini Korogwe hawatajua hayo. Korogwe wataona karani aliyemwita mwanawe Kaburi.

Nimekwenda kwa mwenyekiti, mzee Mhina. Nimempa shikamoo ya nguvu, nikamwomba aitishe mkutano watu wabadili majina. Akasema majina ni mambo ya mabibi, na yeye anawaogopa mabibi kuliko Korogwe.

Basi nikaenda nyumba kwa nyumba. Mama yake Njaa akaniuliza kama njaa imekwisha. Mama yake Hamahama akasema atambadilisha leo hii, mradi nimrudishe kwenye mikorosho yake aliyoiacha kule tulikohamishwa. Mke wa Ernesti alimtoa Kupe kwenye titi ili nisikie mwenyewe. Nilisikia mpaka nilipofika ofisini.

Jumamosi, 28 Juni

Nina akili! Kwa nini niombe ruhusa ya mtu, na kalamu ninayo mimi?

Nimechukua daftari jipya. La zamani nimelificha ndani ya debe, chini ya mbegu za pamba. Nimeandika upya vizazi vyote, tarehe zilezile, wazazi walewale, majina ya kupendeza. Njaa sasa ni Shibe. Kiu naye Shibe. Kupe ni Mzalendo. Hamahama ni Umoja. Nilikwenda vizuri mpaka mtoto wa kumi na moja, kichwa kikakauka. Wanane waliobaki wote nimewaandika Maendeleo. Kiongozi wa wageni ni Bibi Maendeleo wa kule Korogwe, ndicho cheo chake. Atafurahi.

Wangu nilimfikia katikati. Nikasimamisha kalamu. Nikaandika Neema. Mstari ulipinda kidogo. Kalamu yenyewe ya zamani.

Jumapili, 29 Juni

Ponsiano amekuja ofisini. Huyu ni balozi wetu wa nyumba kumi, mtoto wa kambi za mkonge za Ngombezi. Ana redio, ana kalamu nyekundu, na anazungumza kana kwamba vyote viwili amevitengeneza yeye. Kozi anaitaka. Hajasema, lakini nani hataki nyama?

Aliniuliza mbona nina wino mpaka kwenye kiwiko. Nikamwambia kazi. Akasema na yeye anafanya kazi: amepita nyumba zote, si zake kumi tu, anakariri majina ya watoto, wageni wakiuliza asipate aibu. Akaanza kunitajia palepale, huku amefumba macho. Shida wa Gregori, Shida wa Abdi, Tabu, Njaa. Wote kumi na tisa! Nikamsifu sana. Nikamhimiza awataje kwa sauti kubwa wageni wakifika. Alipotoka nimecheka mpaka nikashika meza.

Jumatano, 2 Julai

Mtoto ana homa. Tangu alfajiri hanyonyi.

Na Chausiku amejua. Kosa langu mwenyewe. Mimi ndiye mwalimu wa elimu ya watu wazima hapa kijijini, na Chausiku ndiye mwanafunzi wangu bora. Tangu alipojua kusoma amekuwa na tabia ya kuja ofisini, kufungua daftari na kutafuta jina la mwanawe kwa kidole. Leo aliniletea uji, mtoto mgongoni, akafungua. Kidole kikashuka ukurasa wote. Kikapanda. Kikashuka.

Hakupiga kelele. Aliniuliza Neema ni nani.

Nikamweleza kuhusu kozi. Akaniambia nimwekee mkono mtoto kwenye paji la uso. Nikaweka. Moto.

Bibi Mashavu aliposikia alikaa chini, udongoni, na mkeka upo. Akasema yeye alimficha mtoto kwa miezi minne, na mimi nimeandika jina zuri na jina la baba ili mauti yasipotee njia. Nikamwambia mama, ni mbu, hii ni malaria, wino haumdhuru mtu. Akaniuliza, kama ni mbu, mbona ninayetokwa jasho ni mimi? Nikatoka nje.

Nilirudi ofisini, nikashika kalamu nilifute jina la Neema. Nikaiweka chini. Wageni ni kesho asubuhi, na ukurasa uliofutwa utauliziwa. Nitafuta kesho jioni wakishaondoka. Mauti yana shughuli nyingi, hayawezi kumaliza kusoma daftari la Kwembago kwa siku moja.

Ninaogopa. Nimeandika basi, ninaogopa.

Alhamisi, 3 Julai

Wamekuja. Landrova moja, watu watano. Bibi Maendeleo mwenyewe anaitwa Bi Hosiana, mtu wa Korogwe ya Zamani, mrefu, miwani, hacheki bure. Amekuja na muuguzi, ndugu Valerian, na masanduku ya maziwa ya unga.

Shamba waliliangalia wakapita. Vyoo, walifungua ile milango miwili. Lakini daftari! Bi Hosiana alilipitia ukurasa kwa ukurasa. Akasema mwandiko mzuri. Akasema amezunguka vijiji tisa, na hiki ndicho cha kwanza kisicho na Shida hata mmoja. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nilikuwa tayari ninahisi harufu ya ile nyama.

Ndipo akasema maziwa yatagawiwa papo hapo, kwa kuita majina kutoka kwenye daftari.

Kwenye barua hilo halikuwemo!

Akaita Shibe. Kimya. Akaita Umoja. Kimya. Akina mama wamejaa uwanjani, watoto wanalia, na hakuna anayesimama. Akaita Mzalendo wa Ernesti. Mke wa Ernesti akageuka nyuma kumtafuta huyo mke mwingine wa Ernesti. Akaita Maendeleo, akaita Maendeleo, akaita Maendeleo. Bibi mmoja akauliza mbona mgeni anajiita mwenyewe, achukue maziwa yake atuachie nafasi.

Ponsiano akasimama. Akafumba macho, kama nilivyomhimiza mwenyewe! Akaanza: Njaa! Kiu! Shida wa Gregori! Kupe! Kila jina mama mmoja anainuka na bakuli, anapiga vigelegele. Ndugu Valerian alikuwa anachota maziwa mdomo wazi.

Bi Hosiana akavua miwani, akanigeukia. Nilikuwa na uongo tayari, na ulikuwa mzuri. Nikamwambia kila mtoto wa Kwembago ana majina mawili, la bibi kwa ajili ya nyumbani na la kijiji kwa ajili ya taifa. Akafikiri. Akasema hilo linawezekana, hata kwao yapo. Akasema atamwita mmoja tu, mtoto wa karani mwenyewe, na mama yake akiitikia yeye ataridhika.

Akaita kwa sauti: Neema binti Mbaruku!

Chausiku alikuwa amekaa ukingoni, mtoto amemfunika kwa kanga. Alinitazama. Alikuwa ananiachia mimi. Neno moja tu lilitakiwa, abee, na mashine ni yetu na kozi ni yangu. Bi Hosiana akaita mara ya pili, kwa sauti kubwa zaidi. Kanga haikutikisika. Nilitazama kama inatikisika. Haikutikisika.

Sijui nilifikaje pale mezani. Nilimnyang'anya mgeni daftari. Nilipiga kelele kwamba hapa hakuna Neema, hajawahi kuwepo Neema, wangu anaitwa Kaburi, Kaburi, Kaburi wa Mbaruku, anayesikia asikie! Nikauchana ukurasa. Nililia mbele ya watu wote, mimi karani. Bibi Mashavu naye akaitikia kutoka nyuma: Kaburi! Akina mama wote wakadaka: Kaburi! Dereva wa Landrova akavua kofia, akidhani kuna msiba.

Ndugu Valerian akamfunua mtoto. Alikuwa anapumua. Akamsagia robo ya kidonge cha klorokwini, akamnywesha kwa kijiko, akakaa naye mpaka alasiri.

Jumamosi, 5 Julai

Homa imeshuka. Amenyonya, ametapika, amenyonya tena. Ndugu Valerian ameacha dawa ya siku tatu, naye ndiye anayesifiwa na mwenyekiti. Bibi Mashavu anasema ni jina. Mimi nasema ni pumzi nilizotumia. Chausiku hasemi, lakini leo uji wangu ulikuwa na sukari.

Dereva wa lori ameleta matokeo. Tumekuwa wa mwisho. Mashine ya kusaga inakwenda kwingine, na akina mama watazidi kutembea nusu siku na mizigo kichwani. Hilo wameniambia mmoja mmoja. Kozi amepewa Ponsiano! Bi Hosiana ameandika kwamba kijiji kina mtu mmoja anayewajua watoto wake kwa majina, na huyo ndiye afundishwe ukarani. Kwa hiyo nyama yangu itatafunwa na Ponsiano.

Mzee Mhina amenipeleka uwanjani na lile daftari la zamani, likiwa na mbegu za pamba bado. Nimeapa mbele yake na mbele ya akina mama wote kwamba sitaandika tena jina ambalo sijaambiwa na mzazi. Nimeapa kwa moyo. Nimejifunza. Mtu husoma kwa maumivu, na mimi nimehitimu.

Jumatano, 9 Julai

Grasiana, mke wa Ponsiano, amejifungua alfajiri. Mtoto wa kiume. Habari nimeipata kisimani.

Nimekwenda ofisini moja kwa moja, sikunywa hata chai. Nimefungua daftari. Mzazi hajaniambia kitu, ni kweli, lakini huyu si mzazi, huyu ni Ponsiano. Nimeandika, kwa mwandiko wangu wa kulala: Fitina bin Ponsiano. Nikapuliza wino. Nilijisikia vizuri kuliko siku zote za mwezi huu.

Alasiri Ponsiano mwenyewe akabisha hodi. Hakuwa na redio. Akasema anaondoka Jumatatu kwenda Korogwe, na kuna neno. Tangu siku ile aliponiona nimechana ukurasa mbele ya wageni kwa ajili ya mwanangu, hajatulia. Kumbe na yeye na Grasiana walizika mmoja, kule Ngombezi, kabla hatujajuana. Wamekubaliana mtoto aitwe Mbaruku. Padri atamwita atakavyo, lakini nyumbani na kwenye daftari ni Mbaruku. Akaomba nimwonyeshe mahali nitakapoliandika.

Nikamwambia siku ya Jumatano daftari halifunguliwi, agizo la wilaya. Akashukuru. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akaenda zake.

Nimekaa na jambo hili mpaka sala ya magharibi. Mtu hakupi jina la mwanawe hivihivi. Ananichukulia kozi yangu, nyama yangu, godoro langu, kisha ananiletea mtoto? Kuna hila hapa, na ni kubwa, maana bado siioni. Lakini mimi si wa kuchezewa. Nimeligonga daftari mhuri na kulifungia sandukuni. Fitina atabaki Fitina mpaka nigundue baba yake anataka nini.