Wiki ya Kuigombea Kamusi ya Baba

Jumatatu, 3 Machi

Mama anahamia kwa Dada. Vitu vya nyumbani vimegawanywa. Makochi kwa Dada, kabati kwangu, cherehani kwa jirani. Hakuna aliyenuna. Ikabaki kamusi ya Baba. Vita!

Baba alikuwa fundi viatu. Kila asubuhi alifungua gazeti kwenye meza yake ya kazi, kiatu cha mtu magotini, penseli sikioni, akajaza fumbo la maneno. Chai haikuguswa mpaka neno gumu la siku lionekane kwenye kamusi, na mimi na Dada tulipigana viwiko kulitafuta. Jalada lilipochanika akalishonea ngozi ya buti. Mpaka leo kamusi inanuka gundi na rangi ya viatu. Nikifumba macho, Baba yupo.

Mama ametoa hukumu. Sote tujaze fumbo la gazeti kuanzia leo hadi Ijumaa, Jumamosi tumpelekee. Atakayemridhisha ataondoka nayo. Dada ni muuguzi, muda wa mafumbo ataupata wapi? Nimeshashinda.

Baadaye: nimepata maneno manne kati ya ishirini. Mawili hayakubali kukaa pamoja.

Jumanne, 4 Machi

Wazo! Mpanga kurasa wa gazeti nimesoma naye. Tulimwita Miwani. Majibu ya fumbo huyaona siku moja kabla. Nikampigia. Akakataa katakata. Nikamuuliza habari za jalada la kiwanja chake, lililopotea masjala, ofisini kwetu, tangu mwaka juzi. Akauliza kama limeonekana. Nikasema naweza kulitafuta. (Sina haja ya kulitafuta. Nimelikalia. Kiti changu ni kifupi.)

Saa nane mchana majibu ya leo na ya kesho yako kwenye simu yangu. Maneno matupu, bila vidokezo. Vidokezo vya kazi gani?

Jumatano, 5 Machi

Fumbo lote kwa dakika tano! Kwa wino! Sijasoma kidokezo hata kimoja. Mpiga chapa wetu, mama mmoja asiyesifu mtu, ametoa macho.

Nikaona mali hii ya maneno mapya isikae bure. Mkuu wa masjala alipoingia na wageni nikasimama, nikawatambulisha: huyu ndiye bahaluli wetu, na tangu masjala ianze haijapata bahaluli wa kiwango chake. Wageni wakatazama sakafu. Mpiga chapa akajifanya ameangusha kalamu, akakaa chini ya meza dakika nzima. Ndiye aliyenieleza, huku akijifuta machozi, kwamba bahaluli ni mtu mpumbavu.

Nimehamishiwa stoo ya majalada ya zamani. Huko hakuna kiti kabisa.

Ijumaa, 7 Machi

Fumbo la tano limejaa, Miwani hutuma kila siku. Nimepita zahanati kumpeleleza Dada. Nimemkuta kwenye benchi la nje, chakula pajani, gazeti mkononi, akiwauliza wagonjwa waliopanga foleni kama kuna anayelijua neno fulani. Foleni nzima inabishana! Fumbo lake lina matundu kama chujio. Pembeni ameandika maana za maneno kwa penseli, herufi ndogo zilizolala kushoto. Mwandiko wa Baba mtupu.

Nimesimama kwenye dirisha lililo nyuma ya benchi muda mrefu kuliko upelelezi unavyotaka. Halafu nikahesabu matundu. Tisa! Nikaenda zangu nikipiga mluzi.

Jumamosi, 8 Machi

Mama amevaa miwani, akaweka magazeti yetu mezani. Akayasifu yangu kwa usafi. Nikainama kidogo. Kisha akaweka kidole kwenye jibu moja, akaniuliza, kwa upole wa kutisha, kitefutefu ni nini.

Nikasema ni mdudu mdogo wa msimu wa mvua. Mwenye mabawa, nikaongeza, ili ionekane ninamfahamu.

Dada akageukia ukutani. Mabega yake yanatikisika. Mama hakucheka. “Ni ile kwikwi ya mtu anayekaribia kulia, mwanangu,” akasema. “Ilikushika siku ya kwanza ya shule. Ulimng'ang'ania baba yako mguuni. Akaifungua kamusi palepale mlangoni, akakuonyesha kwamba hata hali yako ina jina. Ukanyamaza. Ukaomba neno jingine.”

Nilikuwa nimesahau. Ghafla nikaona aproni yake ya ngozi, na kidole chake cheusi kwa rangi kikitembea chini ya mstari. Kwikwi ikanipanda, nikaisingizia kikohozi. Jina la hali hiyo sasa ninalijua.

Kamusi imekwenda kwa Dada. Mlangoni akaniwekea mkononi. Akasema nikae nayo mpaka kesho jioni, na nisiishike kwa mikono ya mafuta.

Jumapili, 9 Machi

Nimeisoma tangu asubuhi. Kila ukurasa una penseli ya Baba. Na katikati, zimekunjwa, karatasi ndogo ndogo nyingi zilizokatwa gazetini. Nikazikunjua. Majibu! Majibu ya mafumbo, ya miaka na miaka!

Kumbe neno likimshinda alisubiri majibu ya kesho yake, akanakili! Kisha akalitafuta kila moja, akaandika maana, tarehe, na ni nani kati yetu aliyeliona kwanza. Jina la Dada limo mara nyingi. Langu lipo pia.

Nimelia kidogo, sifichi. Dada alipokuja nikamwonyesha. Tukasoma pamoja mpaka chai ikapoa. Akasema somo liko wazi.

Liko wazi kabisa. Baba alinakili! Ni kipaji cha ukoo!

Jumatatu, 10 Machi

Fumbo lote kwa dakika nne. Jibu la kumi na moja ni “mlahaka.” Lina sauti ya ugonjwa. Stoo ina vumbi, mgongo unauma, nikamwandikia mkuu kuomba siku mbili za mapumziko kwa kuwa nimeshikwa na mlahaka mkali.

Barua imerudi kabla ya saa sita. Ameandika kwa wino mwekundu kwamba mlahaka ni uhusiano mwema kati ya watu, na kwamba katika ofisi hii mimi sina dalili yake hata moja.

Si kitu. Kesho nitaumwa jibu la kumi na mbili.