Moteri ya mutumbwi na kanzu yangu nyeupe

Amahoro, watu wa Rumonge, na nyinyi wa Gatete munaojificha nyuma ya simu! Sogeeni hapa. Leo nimeumbuka. Nimeumbuka mupaka kuku wamenionea huruma.

Ile mashine yetu ya kukamua mawese munaijua? Hakuna mutu mumoja aliyeitengeneza. Selemani, fundi wa kuchomelea, alitoa pipa na chuma cha kuzunguka ndani. Mama Zubeda wa savoni, anayepika sabuni za mawese, alitoa uwanja wake. Sisi wavuvi tukatoa moteri ya mutumbwi. (Mimi nilitoa maneno. Mengi.) Shida ilibaki moja: ikikula ngazi kidogo, yale matunda ya mawese, nyuzi zake zinaiziba koo, tunafungua mabuloni, bolti moja moja, kutwa nzima.

Basi leo wakaja wakamuaji wa Kabonga kuiangalia. Wakiipenda, tunaungana nao, tunatengeneza ya pili kule kwao. Wakiikataa, jasho letu lote bure.

Nikavaa kanzu nyeupe. (Ndiyo. Nyeupe. Kwenye mawese.)

"Kaka Hamisi, acha niiwashe mimi," Selemani akasema.

"Wewe! Mimi naendesha moteri tangu tumboni mwa mama!"

Nikavuta kamba. Vuuuum! Hata Kongo ng'ambo walishtuka. Ikameza ngazi, ikameza, halafu kwiii... ikaziba. Wageni wakaanza kuangaliana.

Nikavuta tena. Sasa, sisi wavuvi mutumbwi tunautoa ufukoni kwa kurudi nyuma. Mukono wangu ukakumbuka ziwa, ukasahau mawese. Nikatia gia ya nyuma.

Mama yangu! Mashine ikatapika! Nyuzi, kokwa, mafuta, vyote vikapanda juu na kushukia kwangu. Kanzu nyekundu, ndevu nyekundu, hata meno mekundu!

"We Hamisi, umetuua mbele ya wageni!" Mama Zubeda akalia.

Lakini mukubwa wao, Bibi Mariamu, mutu asiyecheka hata kwenye harusi, akainama akachungulia ndani ya mashine.

"Koo iko safi! Hakuna hata uzi! Kumbe inajitapisha yenyewe?"

Selemani akaniangalia. Nikamuangalia Selemani.

"Ndiyo, bibi," nikajibu, mafuta yananidondoka puani. "Tuliifanya hivyo makusudi."

Selemani akajaribu tena mbio mbio. Mbele, inakula. Nyuma, inatapika. Mbele tena, mafuta yakatiririka kama mutoni! Vigelegele! Watu wakakumbatiana, Kabonga na Rumonge kitu kimoja! (Mimi hakuna aliyenikumbatia.)

Bibi Mariamu akanitazama toka kichwani mupaka kwenye ndara, akasema:

"Sawa, tunaungana. Lakini kabla ya ngazi zingine, mukamue kwanza huyu!"