Pumzi za Mwanaume

Jumatatu, 3 Machi
Kozi ya kupiga mbizi imeanza. Wanafunzi wawili tu: mimi na shemeji, mdogo wa kike wa mke wangu. Mwalimu ni mwanamke! Nikamuuliza mwalimu mwenyewe yuko wapi. Akasema ndiye. Haya. Akatangaza kwamba Jumapili boti inakwenda kwenye meli iliyozama, imebaki nafasi moja. Ataipata atakayebakiza hewa nyingi mtungini Alhamisi. Nikacheka kimoyomoyo. Shemeji anaongea kutwa; hewa ya kubakiza ataitoa wapi? Mchana nikawatangazia wateja wote hapa kinyozini kwangu: meli nitaiona mimi.

Suti ya kuzamia ya saizi yangu ilikuwepo moja, ya rangi ya waridi. Mimi, waridi! Nimechukua nyeusi ndogo. Mwalimu kasema itanibana kifua. Thubutu!

Jumanne, 4 Machi
Bwawani. Mwalimu kanipa vyuma vinne vya kiunoni, vya kunizamisha. Shemeji naye vinne! Nikaongeza vitatu kwa siri. Nikatua chini, puu! Dakika kumi na mbili nzima napiga mateke niinuke. Mtungi mkavu. Shemeji karudi na zaidi ya nusu. Anafanyaje?

Jumatano, 5 Machi
Upelelezi. Nimekaa ukingoni namchunguza shemeji majini. Hapigi mateke. Hashindani na mtu. Anaelea tu, anahesabu vigae vya bwawa! Nikamuuliza siri yake kijanjajanja, eti kuna rafiki yangu anataka kujua. Akanijibu hapo hapo: huyo rafiki apunguze vyuma, avae suti inayomtosha, atulie. Muongo mkubwa! Nani anatoa siri kirahisi hivyo?

Nimeshagundua. Ni mtungi wake, ule wenye doa jekundu. Lazima unabeba zaidi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimebadilisha mitungi mwalimu alipogeuka. Wenye doa mgongoni kwangu, wangu kwa shemeji. Tukazama baharini. Dakika ya kumi na tano, mshale wa kipimo uko kwenye nyekundu. Sheria inasema umpe mwenzako ishara. Nimwombe mwanamke hewa? Nikakaza. Nikavuta pumzi, haikuja. Jamani, niliogopa. Humu naweza kusema: nilimwita mama yangu, yakatoka mapovu.

Shemeji alishafika. Kanipa kipande chake cha akiba cha kupumulia, kanishika mkanda, tukapanda polepole, watu wawili mtungi mmoja. Huko juu mwalimu akasoma kipimo cha shemeji. Mtungi ule ule nilioukimbia, umetulisha wote wawili, na bado robo imebaki!

Nafasi ni ya shemeji. Nilitaka kumshukuru. Nikakohoa.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji kaenda kwenye meli. Wateja wakauliza mbona mimi nipo. Nikawaambia nimempisha, ndio uungwana. Tena Alhamisi nilimshika mkono njia nzima asiogope, maskini. Kugeuka, mke wangu yuko mlangoni. Alinitazama tu, kisha akatoka.

Jioni karudi na fomu. Kajiandikisha kozi ya wiki ijayo, eti anataka kujionea mwenyewe. Nimefurahi sana. Nimemwahidi nitamfundisha kupumua.