Siku Kingereza Changu Kilipoingia Kliniki na Korale Nzima

Wenzangu, aibu ya leo haina mfuniko. Niko nyumbani, nimejifunika kitenge mpaka kichwani, naandika kwa kidole kimoja. Mkicheka, chekeni mbali nami.

Mnajua nilikuwa naitafuta ile kazi ya mkalimani kliniki. Sisi tuliovuka kutoka Kongo tuko wengi hapa Nchelenge, Zambia. Kiswahili tunacho, Kibemba cha sokoni tunacho. Lakini daktari mpya anatoka kusini, Kibemba chenyewe kinampiga chenga. Wanataka mtu wa Kiswahili na Kingereza. Na mimi kazi hii naitaka kwa roho yote. Mwanangu wa mwisho nilimzaa pale kwa kuonyesha vidole na kulia, hakuna aliyenielewa. Sitaki mama mwingine azae kibubu namna ile.

Sasa Kingereza nimekitoa wapi? Kwenye nyimbo za mapenzi. (Ndiyo. Shuleni nilisoma Kifaransa, nacho kilishanikimbia.) Sisi wanawake wa korale, yaani kwaya ya kanisa, tunaanika chisense pamoja kule ufukweni Kabuta, vile visamaki vidogo vya kukausha, na simu ya kiongozi wetu, Mama Furaha, inaimba mchana kutwa. Yeye anatafuta maana ya maneno, kisha kila neno analitungia tendo lake. Moyo, unashika kifua. Machozi, unafuta jicho. Tunaimba huku tunageuza samaki. (Mchungaji anajua tunajifunza Kingereza. Hajauliza kinasema nini.)

Shida yangu ni moja: neno halitoki peke yake. Ni kama Baba Yetu. Mtu akikuambia uanzie katikati, unarudi kwanza mbinguni, halafu unashuka polepole mpaka kwenye mkate. Mimi kila neno la Kingereza nalifikia hivyo.

Basi asubuhi nimevaa kitenge cha Pasaka, nikatoka. Nje nikakuta korale nzima inanisubiri. Nikawaomba wabaki nyumbani.

"Weye peke yako mbele ya docta? Hapana," akasema Mama Furaha. "Shiye tutakaa inje, chini ya dirisha. Tutakuombea kimya-kimya."

Kimya-kimya! Korale yetu!

Ndani nikamkuta daktari, mrefu, mwenye miwani, uso hauna hata dalili ya kicheko. Kumbe mtihani ni mgonjwa wa kweli: Koko Maua, bibi wa hapa kwetu kwenye kambi ya wakimbizi. Daktari akaniambia kwa Kingereza nimuulize anaumwa nini. Nikaelewa yote! Nikajisikia mtu.

Koko akaanza. "Silale usiku, mwanangu. Chakula hainipite. Mwili yote ni moto, na moyo inapiga mbio-mbio."

Mawe, mama wee! Kutolala, kutokula, mwili kuwaka, moyo kwenda mbio. Nyimbo za mapenzi zinasema nini kingine? Zote ni ugonjwa mtupu! Nikamimina Kingereza kama maji. Daktari anaandika, anaitikia kwa kichwa. Aliinua macho kidogo tu nilipomalizia kwamba bila yeye nitakufa. (Koko hakusema hivyo. Ndivyo ubeti unavyoisha.)

Kisha Koko akaongeza, "Na hii goti ya kuume, inaniuma kabisa."

Goti. Nalijua! Limo kwenye wimbo wa yule mwanaume anayemsihi mpenzi wake arudi. Lakini liko mwisho wa kiitikio. Ikabidi nianzie juu. Nikatazama dari kama mtu anayefikiri, nikaanza kuimba puani. Kidogo tu, kama mbu.

Hapo lazima mjue sheria ya korale yetu: mwenye kuanzisha wimbo haachwi peke yake. Ukianza vibaya, tunaingia. Ukianzisha wimbo wa harusi msibani, tunaingia, msamaha tutaomba baadaye.

Na dirisha lilikuwa wazi.

Wakaingia! Sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, na vigelegele juu. Maombi yakaishia hapo. Mama Furaha hawezi kuimba amesimama mahali pamoja, akaingia mlangoni, wenzake nyuma yake, wakimwambia daktari wa watu kwa Kingereza kizito: rudi, mpenzi wangu, kitanda kimepoa! Wagonjwa kwenye benchi la nje wakapiga makofi.

Tulipofika mwisho wa kiitikio, korale yote ikashuka chini. Na mimi je? Mwili ukanisaliti. Nikapiga goti moja mbele ya meza ya daktari, mkono mmoja kifuani, mwingine nimemnyooshea yeye, na neno likatoka, kubwa, safi: GOTI!

Kalamu ya daktari iko hewani. Nageuka, namwona Koko Maua ameinuka kitini, kiuno kinazunguka, goti na vyote.

Daktari akauliza polepole, "Kati yenu, mgonjwa ni nani?"

Nikamwonyesha Koko. Alikuwa bado anacheza.

Nilitoka mbio, nikaenda kulia nyuma ya kliniki, na safari hii machozi hayakuwa tendo la wimbo. Nilijua kazi imekwenda. Mama Furaha akanifuata, akanifuta uso kwa ncha ya kitenge chake.

"Sasa unalia nini? Tulikuacha peke yako?"

"Hapana, mama."

"Njo ile, ndiyo yenye maana."

Niliwapenda wote wakati uleule niliotaka ardhi inimeze.

Halafu daktari akachungulia dirishani, akaniita. Akasema tangu afike hapa, wagonjwa wa Kiswahili humwambia neno moja tu, maumivu, na leo kwa mara ya kwanza amejua mtu anaumwa wapi na vipi. Nianze Jumatatu. Korale ibaki Kabuta. Na nijiandae vizuri, maana siku hizi wengi wanaokuja wanahara.

Ndugu zangu, tangu mchana napitia nyimbo zote kwenye simu. Wapenzi wanalia, wanakonda, wanakufa, lakini hakuna hata mmoja anayehara. Mwenye kuujua wimbo wa namna hiyo anitumie kabla ya Jumatatu.