"Macho Yako Tu" Waingia Mia Bora

Jumatatu, 6 Mei
Chama cha Watunzi kimetangaza: wanachama watapiga kura kuchagua nyimbo mia moja bora za New Zealand. Mia! Hata mimi nina nafasi. "Macho Yako Tu" hupigwa kwenye kila harusi hapa mjini Gore tangu tulipokuwa vijana. Hata kwenye yangu ulipigwa. Tatizo ni kwamba mtunzi haruhusiwi kujipigia kura. Nimemtafuta Murray, mpiga gitaa wa bendi yetu ya zamani, ambaye naye ana wimbo wake wa kuchosha kuhusu daraja. Nipe kura, nikupe kura. Kakubali haraka mno. Simwamini.

Alhamisi, 9 Mei
Kampeni! Mke wangu Ngaire kaoka mikate ya jibini ya kuviringisha, nami nikaigawa kwa wanachama wote wa karibu. Mzee wa akodioni kule Mataura kala sahani nzima, kisha akasema ataufikiria. Ataufikiria! Ngaire naye alikuwa dukani, akijigamba kwa sauti kwamba mumewe atatuzwa kwa wimbo aliomtungia yeye. Tena mbele ya Raewyn, dada yake Murray. Hawa wawili hawajawahi kupikika chungu kimoja, sijui kwa nini.
Ukweli ni kwamba nilimtungia Jess, mbwa wangu wa kuchunga kondoo. Akimkazia kondoo macho, kondoo anasalimu amri. Ngaire alinisikia nikiimba, akalia, akanikumbatia. Ningesema nini?
Jioni nimepiga kura. Daraja la Murray sikuligusa.

Ijumaa, 24 Mei
Tumeingia! Nafasi ya mwisho kabisa, lakini tumeingia! Murray hayumo. Kanipigia simu kuuliza kura yake ilipotelea wapi. Nikasema mtandao wa huku si mzuri.
Halafu balaa. Kumbe kila wimbo unawekewa kibao cha shaba mahali ulipotungwa, mtunzi anasimulia mbele ya watu, na mwenzake wa bendi anathibitisha. Nikawaambia chama ulitungwa jikoni. Murray kacheka mpaka kakohoa. "Jikoni? Acha masihara, kaka. Ni banda la mbwa. Mimi ndiye niliyekushikia tochi."
Ngaire ataniacha. Naogopa kweli.

Ijumaa, 31 Mei
Nimejaribu kulibomoa banda. Ubao mmoja tu ndio uliotoka, nao umeniangukia mguuni. Ngaire kauliza banda limenikosea nini. Nikasema mchwa. Kasema hajawahi kumwona mchwa huku.

Jumamosi, 1 Juni
Wamekuja watu wa chama, majirani, hata Raewyn. Nikasimulia hadithi yangu ya jikoni vizuri, na machozi kidogo. Ikafika zamu ya Murray. Hakubakiza kitu! Mbwa, banda, tochi, yote.
Ngaire akanitazama. Akauliza, "Jess? Yule mbwa?" Nikakubali.
Akacheka! Akaketi kwenye nyasi na gauni lake jipya, akacheka hadi watu wa chama wakamletea maji. Kumbe wimbo unataja macho ya kahawia, kama ya Raewyn, na yake ni ya kijivu. Tangu aliposikiliza maneno vizuri, miaka yote hiyo ameamini nilimtungia Raewyn! "Nimemchukia bure dada wa watu, mwanamume wewe, na ilikuwa mbwa!" Akaenda kumkumbatia Raewyn, ambaye hakuelewa chochote.
Kibao kimepigiliwa bandani. Nimepona! Kifua chepesi, nimekula mikate mitano. Nimemwapia Ngaire kwamba sitamficha tena jambo lolote.

Jumapili, 2 Juni
Trekta jipya limefika. Jekundu, linang'aa, sauti yake tamu ajabu. Nimekaa nalo hadi chakula cha mchana kikapoa, na wimbo ukaja wenyewe. Nimemwimbia Ngaire, nikamwambia safari hii ni wake, wake kabisa. Kafuta machozi. Kisha kauliza kwa nini ubeti wa pili unasifu magurudumu yake manne.
Nimemwambia huo ni ushairi.