Ubao wa Nusu Msimu

Jumatatu, 3 Novemba

Msimu umefika katikati. Wiki hii kila Mmarekani mwenye redio au simu anapanga kwa ubora timu za ligi ya mpira wa Kimarekani, ule wa kurushwa kwa mkono, ya kwanza mpaka ya thelathini na mbili. Nami nimepanga. Nimekaa mezani tangu kahawa ya asubuhi, na sasa ni jioni.

Orodha yangu ni ya haki tupu. Timu yetu ya kwanza. Detroit ya pili. Philadelphia ya tatu. Kansas City ya nne, kwa huruma. Miami ya mwisho. Miami kwangu huwa ya mwisho kila mwaka, tangu mke wangu Maureen aende huko huko Florida kumsalimia dada yake kwa wiki mbili. Huu ni mwaka wa tatu. Anasema bado anaikimbia baridi.

Nimeiandika kwa rangi nyeusi nyuma ya ubao wangu wa maegesho, nikausimika mbele ya nyumba. Ubao hauna kazi nyingine siku hizi. Uwanja upo mtaa wa pili kutoka hapa, na siku ya mechi kila mwenye nyumba huegesha magari ya mashabiki kwenye majani yake kwa malipo. Watu huja na majiko, wanachoma nyama nyuma ya magari tangu asubuhi. Zamani walijaa kwangu. Moshi, watoto, kelele, mtu anagonga kuomba chumvi. Mwaka jana nikapata wazo la kutoza pesa za choo. Dola mbili haja ndogo, dola tano haja kubwa. Kwenye karatasi lilikuwa wazo zuri mno. Sasa magari yote yako kwa jirani yangu, Chester Nowicki, ambaye choo chake ni bure na hakina hata sabuni.

Mpango ni huu. Watu watapita, watasoma, watasimama. Mimi nitafungua mlango kana kwamba nilikuwa natoka tu. Nimenunua kopo kubwa la kahawa.

Jumanne, 4 Novemba

Watu walipita. Walisoma. Walitikisa vichwa kukubali, wakaenda zao.

Tibbs wa posta akaniinulia kidole gumba. Nikatoka mbio bila koti, nikamwuliza haoni kwamba Detroit nimewapendelea? Akasema hapana, mzee, umepanga vizuri sana, hongera. Akaniachia bili ya gesi.

Nimeliona kosa. Mtu akikubaliana na wewe hana sababu ya kusimama.

Jioni nilitoka na brashi. Nimeishusha timu yetu hadi ya tisa. Mkono ulikataa mara mbili. Marehemu baba alinipeleka uwanjani nikiwa mdogo, kanivalisha mifuko ya mkate ndani ya viatu ili theluji isipenye soksi. Picha yake iko ukutani jikoni. Nimemwomba radhi, nikamgeuza kidogo atazame friji.

Jumatano, 5 Novemba

Mafanikio! Saa moja asubuhi kengele ya mlango ikalia. Nilidhani imeshakufa.

Alikuwa Bernadette Kozub, mjane wa nyumba ya kona, mpishi wa shule, kofia ya timu imemfunika mpaka nyusi. Hakunisalimu. Akauliza nimekunywa nini. Ya tisa? Na mrushaji wa mpira tuliye naye? Wewe Ambrose, akasema, hata watu wa Cleveland wangeona haya kuandika hivyo. Nikamwambia aingie, baridi inaingia, tubishane kama watu wazima. Akaingia. Akabisha kwa muda wa vikombe viwili vizima vya kahawa. Alipiga meza hadi vijiko vikaruka. Alitaja wachezaji mmoja mmoja, na goti la kila mmoja. Kila alilosema lilikuwa kweli, na nililikataa lote. Sijafurahi hivi siku nyingi.

Kisha Tibbs. Akasema jana ulikuwa na akili, leo umeziweka wapi? Ana barua za kugawa, hakuingia. Lakini alisimama kizingitini akanisimanga kwa muda mzuri tu.

Nimefanya hesabu. Timu yetu ikiwa ya kwanza, wageni hakuna. Ikiwa ya tisa, wawili. Kwa hiyo ya kumi na tisa.

Alhamisi, 6 Novemba

Kumi na tisa ni dawa. Kengele imelia mpaka imeshikwa na kwikwi. Watu wa mtaa wa juu wamekuja, siwajui hata majina. Mmoja alileta mbwa, naye akabweka.

Chester mwenyewe alikuja. Hajakanyaga hapa tangu mambo ya choo. Akasema, Ambrose, bwana wewe, una ugonjwa gani? Nikamwambia kupanga timu ni sayansi. Akasema sayansi gani hiyo ya kuidhalilisha timu iliyokulea. Kahawa aliipokea lakini kuingia alikataa. Alikunywa amesimama kwenye ngazi, akinitukana kati ya funda na funda, kisha akanirudishia kikombe mkononi. Amezeeka Chester. Anashuka ngazi kwa upande mmoja. Nilitaka kumwuliza goti linaendeleaje, lakini alikuwa anatukana vizuri na sikutaka kumkatiza.

Jioni Bernadette tena, na sufuria ya supu ya kabichi na soseji. Amesema mtu anayeandika upuuzi ule bila shaka hali chakula cha maana. Nilimpa hoja yangu mpya, kwamba kofia zetu za chuma ni nyeupe, zinaonyesha uchafu, na mchezaji mchafu hukata tamaa. Akasema si za chuma, mjinga wewe, ni za plastiki. Kisha akacheka mpaka akashika meza. Kumbe jikoni kwangu kicheko kinasikika vile! Nilikuwa nimesahau.

Nilimtumia Maureen picha ya ubao. Amejibu kwa kidole gumba. Huyo hajasoma.

Ijumaa, 7 Novemba

Balaa. Chester ameweka ubao wake. Ni mkubwa kuliko wangu na umezungushiwa taa za Krismasi. Timu yetu ya kwanza, Detroit ya pili, Philadelphia ya tatu. Ni orodha yangu ya Jumatatu, toka juu mpaka chini! Kanakili mwizi yule, mpaka huruma yangu kwa Kansas City.

Watu wamejazana kwake, wanakubaliana. Nilitoka nikapaza sauti kwamba orodha ile ni yangu. Bwana mmoja akauliza, basi hii yenye kumi na tisa ni ya nani? Nikasema nimesoma zaidi tangu Jumatatu. Wakacheka, lakini hakuna aliyevuka kuja kunitukana.

Mgeni wa leo ni Bernadette peke yake, na samaki wa kukaanga wa Ijumaa. Nikamchokoza. Nikasema mrushaji wetu ana mkono wa mtu anayelisha bata. Akasema kula samaki, Ambrose, wanapoa. Nikasema na safu ya ulinzi imejaa matundu kama soksi zangu. Akasema lete basi hizo soksi, nitazishona.

Hapo nikaanza kuogopa.

Kisha akasema Jumapili wanachoma nyama kwa Chester kama kawaida, na wameniwekea kiti. Kile cha bluu cha kukunja, karibu na jiko, pasipo na upepo. Chester mwenyewe amekitoa gereji akakipangusa. Njoo tu na mdomo wako, akasema, na choo ni bure. Nikamwuliza kwa nini wanajisumbua hivyo. Akasema kila jioni akipita hapa huona taa moja tu inawaka. Sikuelewa taa imeingiaje. Jikoni ni padogo, taa moja inatosha.

Nimelipima jambo hili vizuri. Wanakuja kwangu kwa sababu wana hasira. Nikiketi pale nikala nyama yao, hasira itawaisha. Ikiwaisha, Jumatatu nani atabonyeza kengele? Bernadette ameshaacha kubisha, na bado sijakaa hata kwenye hicho kiti. Dalili mbaya. Kiti cha mchana mmoja, na kengele ya kila siku. Mjinga ndiye angechagua kiti.

Jumamosi, 8 Novemba

Mpango mkuu. Kesho timu yetu itakuwa ya mwisho. Ya thelathini na mbili, siku ya mechi, mashabiki wote wakiwa mtaani. Watahama kutoka kwa Chester na majiko yao, waje wanipige kelele wote kwa pamoja.

Shida moja. Nafasi ya thelathini na mbili ina mwenyewe, Miami. Ili timu yetu ikae pale, Miami ipande. Nilisimama mbele ya ubao mpaka rangi ikaanza kukauka kwenye brashi. Miaka mitatu nimewashikilia chini kwa mkono wangu mwenyewe. Mwishowe nikawapandisha. Picha sikumtumia Maureen. Ana raha za kutosha kule.

Nimenunua mabawa ya kuku, sinia zima, yenye pilipili. Nimeazima vikombe kanisani. Viti nimevipanga sebuleni kwa nusu duara, vyote vinatazama kimoja, ambacho ni cha mimi kukaa nikitukanwa. Choo kiko wazi na sabuni ni mpya, ya lavenda.

Bernadette alipita. Alisimama mbele ya ubao kitambo. Kengele hakubonyeza. Akaniona dirishani, akaninyooshea kidole, kisha akakinyoosha kwa Chester, kisha tena kwangu. Nikamwitikia kwa kichwa, naam, njoo naye. Akatabasamu akaenda. Tumeelewana.

Jumapili, 9 Novemba

Nimekuwa nyuma ya mlango tangu saa mbili asubuhi, tai shingoni. Theluji nyepesi. Kwa Chester moshi umeanza mapema, magari yamebanana mpaka kwenye maua.

Hakuna aliyekuja.

Kutoka dirisha la jikoni nakiona kile kiti. Cha bluu, karibu na jiko. Watu walijaa, wengine wamesimama, wengine wamekalia makreti ya bia, na kiti hakuna anayekigusa. Kijana mmoja mnene alitaka kukaa, Bernadette akamtoa mbio na koleo la nyama mkononi. Theluji ikikifunika, Chester anakipangusa kwa kiganja. Kila baada ya muda wanageuka kutazama mlango wangu. Nikadhani sasa wanakuja. Nikawasha moto chini ya kahawa. Hawakuja.

Walipoanza kwenda uwanjani, Chester aliweka sahani juu ya kiti, nyama kwenye mkate, akaifunika foili.

Mechi niliisikiliza redioni. Uwanja uko karibu, kelele zinafika kabla ya redio, kwa hiyo kila tulipopata pointi nilijua mapema na sikuwa na wa kumwambia. Tumeshinda. Nilipiga makofi, kisha nikaacha, maana mtu angeweza kunisikia.

Waliporudi wakakunja viti vyote. Cha bluu wakakiacha mpaka mwisho. Chester akaichukua ile sahani, akaja nayo anachechemea mpaka kwenye ngazi zangu. Nilizima taa ya jikoni asijue nilikuwa nachungulia. Alisimama pale nje, mimi nimesimama huku ndani, mlango katikati. Nilimsikia anavyohema. Nikangoja abonyeze kengele anitukane. Akaondoka.

Nimekula mabawa manane. Baba nimemgeuza tena, atazame mlango, maana friji atakuwa ameichoka. Ni siku mbaya kuliko ile Maureen alipopiga simu kuuliza makoti yake ya baridi nimempa nani. Nasema ukweli, nililia kidogo, nikalaumu pilipili.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimeamka na akili safi. Nimechambua kila kitu, na kosa nimelipata.

Kiti kile kilikuwa dharau. Walikiacha kitupu mchana kutwa mbele ya dirisha langu makusudi, ili nione ninachokikosa. Nimewajua. Nao hawakuja kwa sababu nafasi ya thelathini na mbili haikuwaudhi vya kutosha. Waliiona mzaha. Mtu akitaka kukasirikiwa lazima awe makini.

Sahani nimeikuta mlangoni, foili imeganda. Hakuna ujumbe. Nimepasha nyama nikaila. Nyama nzuri sana, Chester hajapoteza mkono. Sahani nimeiosha nikaificha kabatini. Sitairudisha mpaka aje mwenyewe kuidai, na nataka aje amekasirika kweli.

Bernadette amepita akienda kazini, mkononi ana sindano na uzi. Amebonyeza kengele. Sikufungua. Nimemwona kwenye tundu la mlango, hana hasira hata kidogo, na nikimfungulia katika hali ile mpango wote unaharibika. Amengoja, akaenda.

Sasa nimeshika brashi. Ligi ina timu thelathini na mbili tu, hilo nalijua. Nimeongeza timu ya shule ya sekondari ya hapa mtaani, vijana wana moyo, na nimewapa nafasi ya thelathini na mbili. Timu yetu ni ya thelathini na tatu. Viti viko palepale kwa nusu duara. Kahawa iko motoni, vikombe vya kanisa vyote nimevipanga, nami nimekaa karibu na kengele. Leo lazima waje.