Safari Iliyokula Mabati

Kapteni alikuwa anakata kucha kwa mkasi wa mwenye duka aliposikia maneno matamu kuliko yote yanayoweza kutoka kinywani mwa binadamu: "Hela za kiwanja zimelala tu benki, zinaota ukungu."

Msemaji alikuwa mama mmoja mwenye umbo la kutosha na sauti ya kutosha zaidi, aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho. Alifuatana na mdogo wake wa kiume, bwana mpole mwenye tumbo lililomtangulia kila aendapo, na binti wa bwana huyo, msichana mtu mzima ambaye hakuweza kumaliza sentensi bila kusema "shangazi". Haukupita muda duka zima likawa linamwita yule mama hivyo.

Kapteni akaweka mkasi chini. Ni vizuri tumjue kidogo kabla hajatenda dhambi. Alikuwa amekodi meza moja kwenye kona ya duka hilo la fotokopi, nyuma ya mashine, na ukutani amebandika picha za bahari alizokata kwenye kalenda za zamani. Nchi yenyewe ni visiwa vitupu, vikubwa kwa vidogo, na wengi wa watu wake huzaliwa na kuzikwa bila kuona zaidi ya kimoja. Kapteni aliuza safari za kuvizunguka. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka maji. Feri ikipiga honi tu, anaziba masikio. Hilo halikuwa na neno, maana hata wateja wake hawakuwahi kuvuka.

Tena alikuwa na ufundi, na tapeli mwenye ufundi anastahili sifa japo kiduchu. Hakumuuzia mtu safari hata mara moja. Alimwachia mteja aipange mwenyewe. "Siku ya kwanza mngependa kula wapi?" anauliza, kisha ananyamaza. Familia inaanza kubishana: huyu anataka samaki, yule anataka mapango kwanza, bibi anauliza kama kuna ngazi. Mtu akishagombana na mkewe juu ya supu ya siku ya tatu, hawezi tena kushuku kwamba supu hiyo haipo. Analipa ili ugomvi uishe. Kapteni naye anahamia mtaa mwingine na kalenda zake.

Mara hii alikuwa na haraka. Kulikuwa na mwanamke, fundi cherehani, ambaye alikubali kuolewa naye kwa sharti moja. Kapteni alikuwa amejenga nyumba ya vyumba viwili, sebule, ukumbi na jiko, kuta zimesimama, madirisha yapo, juu hakuna kitu. "Mimi siolewi chini ya mawingu," alisema yule fundi cherehani, na hakurudia. Pesa za mabati Kapteni alikuwa nazo, zimo kwenye kopo la biskuti uvunguni. Zilizokosekana ni za mbao na za fundi wa paa. Alimpenda yule mwanamke kwelikweli, na katika maisha yake hilo ndilo jambo pekee ambalo hakuwahi kulitia chumvi.

"Mama," akasema akivuta viti vitatu kwa mpigo, "pesa ikilala sana inapata kiharusi. Umeshawahi kuiona nchi yako?"

"Naiona kila siku kwenye taarifa ya habari," Shangazi akajibu. "Hainivutii."

"Hiyo ni sura yake. Mimi nazungumzia tumbo lake. Siku ya kwanza mngependa kula wapi?"

Akanyamaza.

Mambo yalikwenda kama maji mferejini. Bwana Tumbo alitaka kaa wa kuchoma. Binti alitaka kisiwa chenye mapango, halafu kile chenye mnara wa taa, apige picha. Shangazi alitaka kulala penye shuka nyeupe na kifungua kinywa kisicho cha mabaki. Wakabishana hadi mwenye duka akazima mashine asikie vizuri. Kapteni alitia neno hapa na pale, akiongeza supu, akiahirisha machweo.

"Basi imekamilika," akasema. "Visiwa vitano, siku tano. Malipo sasa, nikawahi nafasi."

"Hapo tu," Shangazi akasema, "ndipo tutakapogombana. Kwetu mtu halipi kabla hajashiba. Marehemu baba aliwahi kumlipa mpishi wa arusi mapema, watu wakala wali mkavu na samahani nyingi. Akatuachia wosia: mpishi akilipwa kwanza, chumvi inaadimika."

"Shangazi halipi hata kinyozi kabla hajajitazama kwenye kioo," Binti akaongeza.

"Lakini nikishiba," Shangazi akasema, "nalipa mara mbili. Mlo wa mwisho, kisiwa cha mwisho, nafuta mdomo, nafungua pochi."

Mara mbili! Kapteni aliona mbao. Aliona dari, kitanda cha futi sita, na fundi cherehani akicheka ndani ya nyumba isiyovuja. Akili ikamwambia akatae. Lakini akili ya mwenye tamaa ni kama mgeni asiyejulikana. Inasikilizwa kwa adabu kisha inaonyeshwa mlango.

Alipiga hesabu yake hivi: atalipia siku ya kwanza tu, feri na chakula cha jioni. Wakishalainika kwa kaa, ataomba kitangulizi cha malipo, na kesho yake atapotea. Akavuta kopo uvunguni.

Kisiwa cha kwanza kilikula mabati ya sebuleni. Kapteni alivuka maji akiwa ameinamia ndoo, na Binti akampepea kwa upole wote. Jioni Bwana Tumbo aliwala kaa hadi mhudumu akaja kuhakikisha kwamba ni mtu mmoja. Kapteni akasubiri wanawe mikono.

"Shangazi, mnaonaje tukifanya kakitangulizi kidogo?"

"Mwanangu, nimeshiba?" Shangazi akamuuliza kwa mshangao. "Nimeonja tu. Kaa ni chakula cha vidole."

Angeweza kukimbia. Asubuhi alifika hadi gatini peke yake. Lakini Shangazi alikuwa pale pale, kwenye duka la gatini, ananunua kofia ya jua, na alipofungua pochi Kapteni akaona bunda limefungwa kwa raba, nene kama mkate. Maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga. Akarudi akalipia shuka nyeupe.

Kisiwa cha pili, chenye mapango, kikala chumba cha wageni. Cha tatu kikala jikoni na nusu ya ukumbi. Na kila kilipoliwa chumba, ndivyo Kapteni alivyozidi kushindwa kuacha, maana aliyekwisha kupoteza sebule atakubalije kuondoka bila sebule? Simu ikaita wakiwa kwenye boti ya kwenda cha nne.

"Mabati umenunua?" akauliza fundi cherehani.

"Yako njiani, mpenzi."

"Njiani wapi? Mbona nasikia maji?"

"Yanakuja kwa bahari."

"Nashona shela," akasema yule mwanamke taratibu. "Usinifanye nishone sanda." Akakata.

Kapteni alikaa ameshika simu, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake akaogopa.

Jambo la ajabu ni kwamba safari ilikuwa nzuri. Kwa kuwa pesa ilikuwa yake, hakukubali kupunjwa. Alimkemea mwenye hoteli kwa mto mgumu, akarudisha samaki mbichi jikoni, akambana mwenye boti hadi akawapitisha karibu na miamba wanakotaga ndege. Kwenye mnara wa taa wa kisiwa cha nne, kilichomaliza ukumbi, walipanda ngazi zote, Bwana Tumbo akisukumwa kutoka nyuma, na huko juu Kapteni aliiona nchi yake, visiwa vyake vyote vimetapakaa majini. Miaka yote alikuwa akiuza kitu hiki na hakujua kwamba kipo.

"Kazi hii unaiweza," Shangazi akamwambia, akimpa kipande cha embe. "Ulichelewa tu kuianza."

Kapteni akalichukua neno hilo kama sifa.

Kisiwa cha tano kilikula chumba cha kulala, kile chenyewe. Walikaa mezani barazani pa mkahawa, na Kapteni akaagiza kila kilichokuwepo ili pasiwe na kisingizio: supu, kuku, samaki wawili, viazi, matunda, chai. Shangazi alikula bila haraka. Mwishowe akaegemea kiti, akafuta mdomo, akasema neno ambalo Kapteni alilingoja kama mfungwa anavyongoja msamaha.

"Nimeshiba."

"Alhamdulillahi," Kapteni akasema, mkono tayari uko mezani, kiganja juu.

Shangazi akakitazama kile kiganja, akakikunja vidole kimoja kimoja, akamrudishia.

"Safari hii ililipwa zamani, mwanangu."

"Na nani?"

"Na dada yangu, yule wa duka la maziwa, mtaa wa sokoni. Wewe na yeye mliipanga wiki nzima. Kaa siku ya kwanza, mapango, mnara wa taa, shuka nyeupe. Alilipa yote, akanunua na kofia. Alikaa gatini na begi lake tangu alfajiri hadi askari wa lango akamhurumia akampa kiti. Hakuomba hata senti irudi. Alichosema ni kwamba alitaka kula kaa."

Kapteni akasogeza sahani yake kando.

"Hajambo?" akauliza.

"Hajambo, ila anaona haya kutoka nje. Watu wanamuuliza visiwa vikoje. Nikamwambia, dada, nitakwenda nikajaribu kwanza mimi. Nisingependa uletewe chakula kibaya."

"Na kiwanja?"

"Kiwanja sina. Nimepanga chumba kimoja na jiko la nje."

"Lile bunda?"

"Nauli ya kurudi, yetu na yako. Sisi si wezi," Shangazi akasema, na kweli alionekana kuumia kidogo kwa wazo hilo.

"Shangazi ni mkweli sana," Binti akaongeza.

Hapo Kapteni akalia. Hakulia kwa aibu, tusimsingizie. Aliyalilia mabati, moja moja, tangu sebuleni hadi chumbani, akamlilia fundi cherehani na shela lake. Bwana Tumbo, ambaye tangu safari ianze alikuwa hajatumia mdomo kwa kusema, akamsogezea kuku aliyebaki. Kapteni akala huku analia, maana kuku alikuwa wake.

Wakati wa kurudi hakutapika. Hakukuwa na kilichobaki cha kutapika wala cha kuogopa. Alisimama ukingoni mwa feri akitunga uongo wa kumwambia mchumba, akiutupa, akitunga mwingine. Mwishowe aliamua jambo ambalo hakuwahi kulijaribu: atamwambia ukweli, aone unavyofanya kazi. Alikuwa amefika kwenye maneno "nisamehe" feri ilipopiga honi na gati likaonekana.

Gati lilikuwa limejaa.

Mwanzoni alidhani ni mapokezi ya mheshimiwa fulani. Kisha akaanza kuzitambua sura. Mwalimu mstaafu na mkewe, waliogombania supu. Wenye bucha, baba na wanawe wote. Kikundi kizima cha akina mama wa kwaya, wamevaa sare. Yule bibi aliyeuliza habari za ngazi, ana fimbo mpya. Mbele kabisa, ameketi kwenye kiti cha kuazima, mwanamke aliyefanana na Shangazi kama shilingi kwa ya pili, kofia kichwani. Kila mtu ana begi. Hakuna aliyekasirika, walimpungia mikono. Kapteni akatafuta lango la kutokea, akaliona, akamwona na askari wa lango. Naye alikuwa amebeba begi.

"Shangazi," akasema. "Umefanya nini?"

"Mtaa kwa mtaa niliwatafuta wote uliowalipisha, na sasa nimewapigia simu nikawaambia safari zimeanza, na ni nzuri. Ulitaka niwadanganye?"

"Mimi sina kitu! Paa limekwisha lote. Nimebaki na kuta!"

Shangazi akautazama umati ule pole pole, kutoka bucha hadi kwaya, midomo ikimchezacheza kwa hesabu. Kisha akamshika Kapteni mkono kimama, akamteremsha ngazi.

"Kuta zitatufikisha hadi kwenye mapango," akasema. "Twende, mwanangu. Niliwaambia waje na njaa."